Bahari Ikipungua, Nitavuka

Jumatatu, 7 Aprili

Mvua. Bata wa jirani yangu Mwanvua anaogelea kwenye njia ya choo changu. Anajiona mwenye nyumba.

Yusrah kapiga simu kabla sijanywa chai. Mjukuu wangu huyu, mtoto wa marehemu binti yangu. Nilimlea mimi, hapa hapa Kilosa, kwa uji na makofi. Sasa ameolewa Unguja, anatandika vitanda vya wageni hotelini. Miaka minne sijamtia machoni!

Kasema: Bibi, njoo. Njoo sasa hivi. Wageni wameisha, hoteli tupu, nimepewa likizo ya wiki mbili. Wageni wakianza kumiminika mwezi wa sita, sipati tena nafasi hadi masika nyingine.

Nikamuuliza huko hali ya hewa ikoje. Kasema mvua tu, Bibi. Nikamwambia mvua ninayo hapa, ya kwangu mwenyewe, inanifuata mpaka kitandani. Nipande treni, nipande boti, niende kutazama mvua ya watu? Mimi chura?

Kacheka. Kicheko kile kile. Kisha kasema, njoo tu, Bibi.

Nikamwambia atulie. Kisiwa kina msimu wake kama embe lina msimu wake. Mtu wa umri wangu akifika Unguja anafika mara moja, basi afike kikiwa kimeiva. Nichunguze kwanza. Nipe mpaka Ijumaa.

Halafu kasema haya Bibi, Ijumaa.

Sasa naandika jambo ambalo sikumwambia. Naogopa maji. Bahari sijaiona hata siku moja, lakini Mkondoa nauona kila masika. Mwaka mmoja ulipita na ng'ombe mzima, na nyuma ya ng'ombe choo cha watu, mlango umefungwa vizuri. Huo ni mto. Una kingo mbili, na mtu wa ng'ambo unamwona na kumtukana. Bahari wanasema ng'ambo haionekani! Kwa hiyo nitafute msimu ambao maji yamepungua. Lazima upo.

Mimi shule sikukanyaga. Herufi alinifundisha marehemu mume wangu, Nikolaus, aliyekuwa akipaka maandishi kwenye mabehewa ya reli. Ndiyo maana nikiwa na hofu naandika kama behewa. HATARI. USIPANDE JUU.

Jumanne, 8 Aprili

Mtaa huu mzima ni Mwanvua peke yake aliyefika Unguja, yeye na mumewe asiye na maneno. Siku tatu tu, zamani, lakini siku hizo hazijaisha mpaka leo. Ukinunua kitumbua chake, anakwambia Unguja iliki hawaisagi, wanaiponda. Ukipiga chafya, anakwambia Unguja hakuna vumbi. Nina hakika siku nikifa atasema Unguja wanazikwa vizuri zaidi.

Kumwuliza ni kazi. Mimi na yeye hatuamkiani. Kila mmoja anadai ndiye mkubwa. Mimi nasema nilikuwa tayari nabeba maji kwenye mashamba ya mkonge Kimamba wakati yeye bado anabebwa mgongoni. Yeye anasema aliyebebwa ni mimi, na mgongo wenyewe ulikuwa wa mama yake! Cheti cha kuzaliwa hana yeye, sina mimi. Basi kila asubuhi tunapitana: umeamka? Nimeamka. Shikamoo haimtoki yeyote.

Mpango: niikosoe Unguja yake, apandwe na hasira, aitetee, siri zimtoke zenyewe.

Nikaenda na bakuli langu. Nikasema kwa sauti, nasikia Unguja mwaka mzima ni joto tupu na nzi. Mwanvua kageuza kitumbua. Hakunitazama. Kageuza kingine. Kisha kasema, mtu mwenye shida ya kuuliza kitu kwa mkubwa wake, huanza kwa kumwamkia.

Shetani wa mama huyu!

Nikaangalia kushoto, nikaangalia kulia. Hapakuwa na mtu, ila Evarist wa bodaboda anasubiri abiria. Nikafunika mdomo kwa kanga, nikakohoa, nikaipitisha shikamoo katikati ya kikohozi.

Kasema hakusikia, mafuta yanapiga kelele.

Nikarudia.

Marahabaaa! Nadhani waliisikia mpaka Masanze. Evarist kazima pikipiki ili asikie vizuri.

Baada ya kushiba heshima, kasema: Januari. Yeye mwenyewe alikwenda Januari. Anga halina hata doa, watu wamevaa wamependeza, bahari imetulia kama maji ya beseni. Alikaa mbele kabisa ya boti, upepo unampepea, anatazama samaki wakirukaruka.

Nikarudi nyumbani nikaifuta Januari. Nikienda Januari, maisha yangu yote yaliyobaki atasema nilimfuata nyayo.

Alhamisi, 10 Aprili

Siku ya gulio. Matope mpaka kwenye magoti, lakini nilikwenda, kwa sababu ya Moringe.

Moringe ni kijana wa Kimasai wa kijiji cha Ulaya, hapa hapa Kilosa, anauza ndala za matairi. Kaniona tu, kainamisha kichwa, shikamoo bibi. Bila kuombwa! Mama yake alimlea. Nikamwitikia marahaba mara mbili, moja ya akiba.

Yeye aliwahi kukaa Unguja msimu mzima, akiuza shanga ufukweni. Nikamuuliza msimu gani mzuri. Kajibu papo hapo: Julai, Agosti. Kwa nini? Wazungu wamejaa kama kumbikumbi, wananunua hata asichowaonyesha.

Na bahari je, Julai?

Hapo katazama ndala zake. Kasema upepo wa kusi unavuma. Boti inaruka kama ndama aliyefunguliwa kamba. Yeye, aliyechunga ng'ombe mpakani mwa mbuga ya Mikumi akisikia simba wakikohoa, alitapika ndani ya shuka lake mbele ya bibi mmoja wa Kijerumani. Yule bibi kampa karatasi laini ya kujifutia, kisha naye katapika, ikabidi Moringe amrudishie iliyobaki.

Nikafuta Julai. Nikafuta na Agosti, ni ndugu yake.

Nikamuuliza, sasa mwanangu, maji hayo hayapungui kabisa? Kasema yanapungua, bibi, tena sana! Unaamka, bahari haipo. Imeondoka. Maboti yamelala ubavu kama ng'ombe wagonjwa, kina mama wanatembea mbali huko kulikokuwa na maji, wanachimba mchangani. Yeye mwenyewe alitembea mpaka akachoka, na maji hayakumfika kwenye kifundo.

Nikamuuliza hapo hali ya hewa ilikuwaje. Kawaza. Kasema jua lilikuwa kali, mchanga unaunguza nyayo.

Jua kali!

Basi ni kiangazi! Mambo yale yale ya Mkondoa! Masika unabeba choo na mlango wake, ikifika Oktoba mbuzi wanavuka bila kulowa magoti. Bahari nayo ni mto, umekosa ukingo wa pili tu. Wote hao wenye simu kubwa, wenye shahada, hakuna aliyewahi kuniambia!

Moringe kasema, lakini bibi, siyo kwamba… Mara mteja akamwita amjaribishie ndala. Nikaondoka haraka asije akaniharibia.

Oktoba. Nimepata. Pengine hata boti haitahitajika.

Ijumaa, 11 Aprili

Siku ya kumjibu Yusrah. Lakini mtu makini hujaribu kwanza. Je, kama Oktoba yatabaki maji kidogo? Tumbo langu litastahimili?

Mpango: bodaboda. Nikamwambia Evarist anibebe kutoka sokoni mpaka stesheni ya zamani na kurudi, mimi nimefumba macho na kanga usoni, na asikwepe shimo hata moja. Kasema bibi, wengine hunisihi niyakwepe. Nikamwambia wengine hawaendi Unguja.

Kijana yule ana sharubu za mtu mzima lakini akili ya kitoto. Kaingia kwenye kila shimo. Mengine kayarudia. Tukiwa tunakwenda, nilikuwa imara. Tukiwa tunarudi, nilianza kusali. Tulipofika sokoni nikamwambia simama, simama, simama! Kasimama.

Kasimama mbele ya karai la Mwanvua.

Siandiki zaidi, ila vitumbua vya leo viliokolewa na upepo tu.

Mwanvua kanishika, kaninawisha uso, kanifunga kichwa kwa kitambaa chake mwenyewe, kanikalisha kwenye kigoda. Vizuri. Halafu kila mteja aliyekuja kaambiwa: mgonjwa wangu huyo, mdogo wangu, juzi kaniamkia. Nilikuwa sina nguvu za kukanusha.

Mchana nikamwandikia Yusrah, kwa herufi za behewa: OKTOBA. NIMECHUNGUZA. BAHARI ITAKUWA IMEPUNGUA.

Nikakaa na simu mapajani kama mtu anayeatamia yai.

Jibu limekuja jua likizama. Naliandika lilivyo. "Bibi wangu, Oktoba hoteli imejaa. Nikitoka kazini umelala, ukiamka nimeshaondoka. Basi tutaonana masika ya mwakani, ukipenda."

Ukipenda!

Nimelisoma mpaka simu ikazima.

Jumapili, 13 Aprili, ya Matawi

Kanisani nimeshika kitawi changu, sikusikia hata somo moja. Padri kasema tusimame, mimi nimekaa. Kasema tukae, mimi nimesimama.

Ukipenda. Neno dogo, lakini linakwaruza.

Alipokuwa mdogo, baada ya mama yake kufariki, Yusrah hakulala bila kushika ndewe ya sikio langu. Vidole viwili, ananishika kama mtu anayeshika mlango usifungwe. Nikijaribu kuitoa, anaamka. Nimelala upande mmoja miaka mpaka shingo ikapinda. Nilimlalamikia kila asubuhi. Sasa shingo imenyooka na siitaki.

Nikaanza kujiuliza nimebakiza masika ngapi. Sikuipenda hesabu hiyo, nikaiacha.

Mwanvua kaja jioni na vitumbua kwenye sahani, kaviweka mezani. Kakaa. Hakutaja Unguja hata mara moja. Hapo nikajua sura yangu ni mbaya sana.

Alipoondoka nikaamua. Nakwenda. Sasa, na mvua yake, na bahari ikiwa imejaa mpaka shingoni. Msimu wangu wa Oktoba siuachi, ni sahihi kabisa, nimeuahirisha tu.

Simwambii Yusrah. Nitamtokea mlangoni! Nilijaribu kupiga kidogo tu, nisikie sauti yake, nikate. Simu yake haipatikani. Kakasirika, mtoto wangu. Kazima kabisa.

HATARI. USIPANDE JUU. Napanda.

Jumatatu, 14 Aprili

Maandalizi, kwa siri kubwa.

Evarist kanikatia tiketi ya treni ya umeme kwenye simu yake, ya Jumatano, mpaka Dar. Kaniuliza jina kama lilivyo kwenye kitambulisho. Editha, nikamwambia. Kashangaa. Kumbe miaka yote alidhani jina langu ni Bibi.

Mzigo: mchele wetu wa Kilosa, karanga, na kuku. Kuku ndiye mwenye mjadala. Evarist kasema bibi, kuku huko wapo. Nikamwambia akili yake imebaki kwenye shimo la Ijumaa. Unaingiaje nyumba ya mjukuu aliyeolewa, mara ya kwanza, mikono inaning'inia? Wakwe zake watasema alilelewa na ukoo gani? Na kuku wa kuchinja hapa ataoza kabla hajaiona bahari. Lazima afike mzima, apige kelele uani, majirani waulize, kuku wa nani huyo? Waambiwe, wa bibi yake Yusrah, katoka naye bara.

Nimemchagua yule mwekundu, mtagaji, mwenye dharau.

Mwanvua kaniona nikimjaribisha kwenye tenga. Kauliza nakwenda wapi. Nikasema Morogoro, macho. Kauliza, na kuku? Nikasema wa daktari. Katikisa kichwa taratibu, hajaamini hata kidogo. Halafu kaniletea limau mbili. Kasema ni za kunusa, njia ya Morogoro ina kona. Jambo la ajabu. Morogoro yenyewe nimeenda mara ngapi!

Jumatano, 16 Aprili

Sijui nianzie wapi. Kuku yupo uani, mzima, anakula. Tuanzie hapo.

Evarist kanishusha stesheni mpya mapema. Jengo kubwa, sakafu inateleza kama kambare. Mizigo inapita kwenye mashine ya kukagulia, upande mmoja inaingia, wa pili inatoka, na kuna kioo kinaonyesha kilichomo. Nikaweka mchele. Nikaweka karanga. Nikaweka tenga, nimelifunika kwa kitenge.

Kwenye kioo nikaona mifupa ya kuku wangu. Ikasimama. Ikageuza shingo.

Mlinzi, binti mdogo mwenye kofia, kasema kwa adabu zote: shikamoo bibi. Nikaitika. Kasema, bibi, mzigo wako unatembea.

Nikamweleza. Mjukuu, wakwe, mara ya kwanza. Kanisikiliza vizuri tu. Kisha kasema kuku hai hapandi treni hii. Kama angekuwa kachinjwa, sawa. Nikamuuliza, yaani kosa lake ni kuwa mzima? Mimi pia ni mzima!

Nikatoka nje. Mpango. Nyuma ya ukuta nikamtoa kuku, nikamfunga tumboni kwa kanga mbili, juu nikavaa gauni pana. Nikarudi natembea kwa kujishika kiuno, pole pole, nikihema.

Yule binti kaniangalia chini hadi juu. Kasema, hongera bibi. Wa miezi mingapi?

Kabla sijajibu, tumbo likalia. Tena si kidogo. Lilitaga neno lote, kokoko-kooo, mpaka mzee aliyekuwa kalala kwenye kiti kaamka akasalimia.

Watu walicheka. Binti naye alicheka mpaka kofia ikaanguka, lakini mlango hakuufungua. Kaniambia bibi, mwachie mtu kuku, upande, treni inakaribia. Nimwachie nani? Evarist keshaondoka. Nimfungulie porini? Niende mikono mitupu? Nikabishana. Nikabishana vizuri, kwa hoja. Nilipofika hoja ya mwisho, treni ya Dar ilikuwa imekuja, imesimama, imefunga milango, imeondoka.

Ilikwenda kimya kama mtu anayekwepa kuaga.

Nikakaa nje kwenye ngazi. Mchele miguuni, kuku tumboni, mvua inanyesha. Nikalia kidogo. Si sana. Nilikuwa nawaza, ng'ombe huchukuliwa na mto, choo huchukuliwa na mto, mimi nimeshindwa kuchukuliwa hata na treni. Masika ya mwakani. Ukipenda.

Ikaja treni nyingine, ya kutoka Dar. Sikuinua kichwa. Watu wakapita na mabegi. Miguu miwili ikasimama mbele yangu, viatu vyeupe vimeshaharibika kwa tope la kwetu.

Sauti ikasema, Bibi, hiyo mimba ya nani?

Yusrah!

Nikamshika. Nikampiga mgongoni, nikamnusa kichwa, nikampiga tena. Kuku akapiga kelele katikati yetu. Nikamuuliza kwa nini kazima simu. Kasema simu ililowa na mvua tangu Jumamosi. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia anakuja. Kasema, na wewe ulikuwa unakwenda wapi na tumbo hilo? Nikasema Morogoro, macho.

Kasema alipoona OKTOBA, alikaa akacheka, kisha akalia, kisha akajua: bibi yangu huyu hatakuja mpaka bahari ikauke. Likizo inakwisha. Basi kaja mwenyewe, na mvua, na mawimbi. Katapika njia nzima na bado anacheka.

Hebu fikirini. Yule binti angeniruhusu na kuku, mimi ningekuwa naenda Dar na yeye anakuja Kilosa, treni zikapishana huko njiani, mimi nimefumba macho nanusa limau. Ningefika Unguja nikagonga mlango wa mtu ambaye yupo kwenye mlango wangu!

Nikarudi ndani nikampa binti mlinzi karanga zote. Kakataa, kazini haruhusiwi. Nikaziweka kwenye mashine, zikapita, zikatokea upande wake. Nikaondoka.

Jumapili, 20 Aprili, Pasaka

Kuku tumemla. Yusrah aliniambia nimwache, alituunganisha. Nikamwambia nimemshukuru, na sasa naleta chungu.

Yusrah ni Mwislamu kama baba yake, kwa hiyo Mwanvua kamleta mumewe aje kuchinja, ili mezani asibaki mtu anakula mchicha. Wakakaa kula nasi. Mwanvua akaanza: kuku wa Unguja wanamtia nazi. Anga la Unguja. Januari yake. Mbele ya boti, upepo, samaki wanaruka.

Mumewe, mzee mkimya, alikuwa anatafuna. Kainua kichwa kwa mshangao wa kweli. Kasema, Januari gani, mama? Si ilikuwa masika? Na samaki uliwaonea wapi, ulikuwa umelala chini umejifunika kanga toka Dar, umekumbatia ndoo? Siku zote tatu hukutoka ndani, ulikuwa unasubiri sakafu itulie!

Nikasikia bata anakunywa maji nje.

Limau mbili! Hapo nikazielewa limau mbili. Alijua ninakokwenda, na alijua kinachoningoja.

Ningeweza kumwaibisha mtaa mzima. Badala yake nikamwongezea mchuzi. Nikamnong'oneza kwamba mimi sisemi kwa mtu. Shikamoo moja tu.

Kafumba macho. Katoa, bila kukohoa.

Marahaba, nikasema. Kwa sauti ya kawaida. Mimi si mtu wa kujivuna. Nilirudia tu mara moja, dirishani, kwa ajili ya Evarist.

Usiku wa kwanza Yusrah alilala kitandani kwangu, mtu mzima mwenye mume. Alipozama usingizini, mkono ukaja wenyewe gizani, vidole viwili, kwenye ndewe. Niliamka shingo imepinda, na mpaka leo haijanyooka. Simlalamikii mtu.

Sasa habari kubwa. Kanialika tena. Kasema tuondoke wote kesho, hoteli bado tupu, nitakaa naye mpaka wageni waanze kuja. Mchele tunao, kuku atanunua hukohuko, wakwe wanangoja. Na kuhusu bahari kupungua, kanieleza kwa utulivu mkubwa: Bibi, haingoji kiangazi. Inatoka na kurudi kila siku, masika na kiangazi, mara mbili kwa siku. Ndivyo alivyoona Moringe.

Kila siku!

Nimekaa nalo jambo hilo tangu mchana. Kumbe nimepoteza muda wote huu kutafuta msimu, na msimu hauna maana hata kidogo! Kinachotakiwa kutafutwa ni saa. Ukiijua saa, unavuka maji yakiwa kwenye kifundo, hata Aprili. Ni ajabu wenye maboti hawajaligundua.

Basi nimemwambia Yusrah asubiri kidogo. Kesho ni mapema mno. Nataka kumuuliza Moringe alipotembea jua lilikuwa wapi, na nimwulize kivuli chake kilikuwa kirefu au kifupi. Nipe mpaka Ijumaa.

Kanitazama. Kacheka mpaka kaketi sakafuni. Kisha kaazima simu yangu, kaongea na msimamizi wake, karudi anajifuta machozi. Kasema haya Bibi, Ijumaa.

Mwanvua, bado anafyonza mfupa, kasema hakuna haja ya kuchunguza, saa nzuri ya kuvuka ni saa nne asubuhi, yeye anajua.

Saa nne nimeifuta.